Simu ya Duka Isikose Kuita

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa kwa wafanyabiashara wadogo na wa kati wa mitaa ya Eastlands kuhusu namna ya kuzuia simu za biashara zinazotumia intaneti zisikatike.



Kila mtu hapa anaijua sauti ya yule dada anayesema kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Mtu akipigia rafiki na kuisikia, hungoja kidogo akapiga tena. Lakini mtu anayetafuta dawa ya mtoto saa nne usiku hangoji. Hupigia duka la pili, na kesho hurudi kwa hilo la pili. Mwenye duka la kwanza hajui kwamba amepoteza mteja, kwa sababu simu ambayo haikuita haiachi alama yoyote.

Hiyo ndiyo hasara ya simu iliyokufa. Haionekani kwenye daftari la mauzo. Fundi wa vyuma wa Kariobangi Light Industries anayekosa oda ya milango kumi, au zahanati ya Kayole inayokosa kupigiwa na mama aliyeshikwa na uchungu, hatajua mpaka mtu amlalamikie uso kwa uso.

Zamani simu ya ofisi ilikuwa na waya wake wa shaba kutoka kwenye nguzo, na umeme wa kuiendesha ulikuja kwa waya huohuo. Stima ikipotea mtaani, simu ya mezani iliendelea kuita. Leo nyaya nyingi za shaba zimeondoka, nyingine kwa kuibwa, na biashara nyingi zimehamia simu ya intaneti. Sauti hukatwakatwa vipande vidogo, hupitia faiba au hewani, na kuunganishwa tena upande wa pili. Nambari moja inaweza kuita katika duka la Buruburu, tawi la Umoja na simu ya mkononi ya mwenyewe, zote kwa pamoja. Gharama ni ndogo, na mteja huona biashara yenye mpango.

Ila simu hii inategemea vitu vingi kuliko ile ya zamani, na kimoja kikianguka, yote huanguka.

Mnyororo na hesabu yake

Tazama njia ya simu moja. Kuna stima ya ukutani, kisanduku cha faiba, ruta, laini inayotoka kwenye jengo, mtambo wa kampuni inayouza intaneti, kisha seva ya kampuni inayouza huduma ya simu. Hivi vyote vimefungwa kama pete za mnyororo.

Sasa hesabu. Chukua vitu vitatu tu: stima, laini na ruta. Kila kimoja kifanye kazi asilimia 99 ya wakati. Inaonekana ni vizuri sana. Lakini simu inahitaji vyote vitatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo asilimia hizo huzidishwa zenyewe kwa zenyewe, na jibu ni asilimia 97 hivi. Mwaka una saa 8,760. Asilimia tatu iliyobaki ni saa 260, yaani karibu siku 11 za kutopatikana.

Ndiyo maana mtu akiambiwa na muuzaji kwamba huduma yake inapatikana asilimia 99, asifurahi haraka. Asilimia 99 ni zaidi ya siku tatu na nusu za kimya kwa mwaka. Asilimia 99.9 ni karibu saa tisa. Asilimia 99.99 ni dakika 53 hivi. Nukta hizo ndogo ndizo zinazolipiwa, na kila biashara ijiulize inahitaji ngapi. Kinyozi anaweza kuishi na saa tisa kwa mwaka. Zahanati yenye wodi ya uzazi haiwezi.

Habari njema ni kwamba hesabu hiyohiyo hufanya kazi upande wa pili. Ukiwa na laini mbili, kila moja ikiwa na asilimia 99, na zisianguke kwa sababu moja, uwezekano wa zote mbili kulala kwa wakati mmoja ni mara moja katika 10,000. Siku tatu na nusu zimekuwa dakika 53, na hakuna aliyenunua mtambo wa bei ghali.

Neno zito hapo ni moja: zisianguke kwa sababu moja. Litarudi tena na tena.

Stima kwanza

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, saa 3:45 hivi, stima ilipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zilikaa gizani hadi siku iliyofuata. Ilipotea tena kwa upana tarehe 11 Novemba na tarehe 10 Desemba mwaka huohuo. Katika giza la Agosti, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ulio hapa Embakasi, ulikuwa na jenereta. Lakini jenereta moja ilikosa kuwaka, na abiria wakabaki gizani wakiwasha taa za simu zao. Waziri wa uchukuzi aliomba radhi hadharani.

Funzo lake halihusu viwanja vya ndege peke yake. Linamhusu kila mwenye betri chini ya meza. Kifaa cha akiba ambacho hakijajaribiwa ni matumaini tu.

Mahitaji ya simu si makubwa. Kisanduku cha faiba, ruta, swichi ndogo na simu mbili za mezani kwa pamoja hula wati 30 hivi, chini ya balbu moja ya kizamani. Betri ya asidi ya volti 12 yenye Ah 18 ina wati-saa 216. Betri ya namna hiyo haifai kukaushwa zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu nusu yake, 108. Gawanya kwa 30, toa kinachopotea katika inveta, na inabaki zaidi kidogo ya saa tatu. Hiyo inatosha kwa kukatika kwa kawaida mtaani. Anayetaka usiku mzima aongeze betri au aweke paneli ya sola juu ya paa.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuchomeka kompyuta, printa na runinga kwenye betri hiyohiyo. Betri iliyonunuliwa kwa saa tatu huisha kwa dakika ishirini. Soketi ya simu iwe ya simu, na iandikwe hivyo kwa kalamu nene.

La pili, betri ya asidi huzeeka hata isipotumiwa. Baada ya miaka mitatu hadi mitano nguvu yake hupungua sana. Iandikwe tarehe ya kununuliwa juu yake, kama chupa ya dawa.

La tatu, stima ya mitaa yetu hupanda na kushuka, hasa inaporudi baada ya kukatika. Kifaa cha kuzuia mshtuko wa stima ni cha bei nafuu kuliko ruta mpya.

Laini mbili, njia mbili

Baada ya stima ni laini. Hapa Eastlands adui wa faiba anajulikana: sururu, tingatinga la barabara, moto wa vibanda, lori refu lililogusa waya, na mtu anayekata waya akidhani ndani yake kuna shaba. Faiba ni kioo. Haina cha kuuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, lakini anayeikata hugundua hivyo akiwa ameshanyamazisha mtaa mzima.

Mwenye biashara anaweza kununua laini mbili kutoka kampuni mbili na bado asiwe na laini mbili. Ikiwa waya zote mbili zinaning'inia kwenye nguzo moja mbele ya jengo, lori moja linatosha. Ikiwa zinapita mtaro mmoja kandokando ya Outer Ring Road, sururu moja inatosha. Kabla ya kulipa, fundi aulizwe: waya huu unaingia kutoka upande gani, na unapita wapi? Kama hajui, atembee nao, na mwenye duka atembee naye.

Kwa biashara nyingi ndogo njia rahisi ni faiba moja pamoja na modemu ya laini ya simu ya mkononi kutoka kampuni nyingine. Ruta za siku hizi, hata za bei ya kati, huweza kuhama zenyewe kutoka faiba hadi modemu. Laini hiyo iwe na bando muda wote. Kuna ofisi zilizonunua kila kitu, siku ya haja ikafika, bando likawa limeisha tangu mwezi uliopita.

Ifahamike pia kwamba milingoti ya simu nayo hula stima. Stima ikipotea kwa saa nyingi, betri za mlingoti huisha, na watu wote wa mtaa huhamia kwenye ule mmoja uliobaki. Kwa hiyo modemu inafaa sana kwa sururu, lakini inasaidia kidogo tu katika giza refu la nchi nzima. Kila akiba ina ugonjwa inaoutibu, na hakuna inayotibu yote.

Bahari nayo imo katika hesabu. Intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti hadi mwaka 2009, kebo za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa. EASSy ilifuata mwaka 2010. Februari 2012 meli ilitupa nanga karibu na Mombasa na kuikata TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili, EASSy na SEACOM, ziliharibika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora kutoka Kenya hadi Msumbiji. Zilikuwa kebo mbili, za wenyewe tofauti, lakini ziliumia mahali pamoja, siku moja. Ni hadithi ya nguzo moja mbele ya jengo, kwa kipimo cha bahari.

Swali la kumuuliza muuzaji wa simu ya intaneti ni hili: seva yenu iko wapi? Kama iko Ulaya, duka la Donholm likipigiwa na mteja wa Jericho, sauti inaweza kuvuka bahari mara mbili ili iende kilomita chache. Kila kilomita 1,000 za faiba huongeza kiasi cha sehemu tano za elfu za sekunde kwa kila upande, na kebo ya baharini ikikatika, majirani hao wawili hawasikilizani. Kama seva iko Nairobi, na kampuni imeunganishwa na kituo cha kubadilishana mawasiliano cha KIXP kilichopo nchini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, simu ya Donholm na Jericho haina haja ya kuondoka mjini.

Simu inayoita lakini haisikiki

Kuna simu iliyokufa, na kuna simu mgonjwa. Inaita, inapokelewa, kisha sauti inakatika kama redio mbovu. Mteja husema "haloo, haloo" mara tatu na kukata.

Simu moja ya sauti safi inahitaji karibu kilobiti 87 kwa sekunde kwenda, na kiasi hicho kurudi. Simu tano kwa pamoja hazifikii nusu megabiti. Kwa hiyo shida mara nyingi si udogo wa laini, bali ni foleni. Kijana wa dukani anapopandisha video, vipande vya sauti hukaa nyuma ya video hiyo kama mgonjwa aliyekwama nyuma ya matatu Jogoo Road. Dawa ni kuiambia ruta ipitishe sauti kwanza, kama ambulensi. Karibu kila ruta ya ofisi ina mpangilio huo. Fundi auweke na amwonyeshe mwenye duka.

Wataalamu wa shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, wanashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Mafundi wengi pia hutaka vipande vinavyopotea visifike kimoja katika mia. Vipimo hivi viwili viandikwe kwenye mkataba pamoja na asilimia ya kupatikana, na iandikwe pia kampuni itafanya nini ikishindwa: itajibu kwa saa ngapi, na itarudisha pesa kiasi gani.

Simu za waya ziendelee kuwa za waya. Simu ya mezani iliyochomekwa kwenye swichi haishindani na vifaa vya majirani ishirini wa ghorofa la Pipeline, kila mmoja na mawimbi yake hewani.

Nambari ielekezwe

Kinga yenye bei ndogo kuliko zote haihitaji kununua chochote. Ndani ya huduma ya simu ya intaneti kuna sehemu ya kusema: simu ya dukani isipopatikana, piga nambari hii ya mkononi. Uamuzi huo hufanyika kwenye seva ya kampuni, mbali na duka, kwa hiyo hufanya kazi hata kama duka limekosa stima, faiba na ruta kwa pamoja. Mteja hupiga nambari ileile aliyoizoea na kumpata mtu.

Kazi hiyo ichukue dakika kumi wiki hii. Iwekwe nambari ya pili, na ya tatu, za watu wawili wasiokaa mtaa mmoja na wasiotumia kampuni moja ya simu.

Pamoja na hilo, mwenye biashara ahakikishe kwamba nambari imeandikishwa kwa jina la biashara yake, si la fundi aliyeweka mitambo. Fundi akihama, nambari iliyochapishwa kwenye bango, risiti na gari isihame naye.

Mlango ufungwe

Simu ya intaneti huvunjwa kama duka. Wezi hutafuta mitambo yenye nenosiri dhaifu, kisha usiku hupiga simu za nje ya nchi zenye gharama kubwa, na mwenye biashara huamkia bili. Kampuni ikiona hivyo huifunga laini, na simu hufa kwa sababu ambayo haikuhusu waya wala stima.

Nenosiri lililokuja na kifaa libadilishwe siku ya kwanza. Simu za kimataifa zifungwe kama hazihitajiki, au ziwekewe kikomo cha pesa kwa siku. Mpangilio wote wa mtambo unakiliwe na kuwekwa mahali pengine, ili ruta ikiungua, nyingine ianze kazi siku hiyohiyo. Na anayerekodi mazungumzo ya wateja akumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamhusu: mteja aambiwe, na rekodi zitunzwe.

Simu ya dharura

Hili lisikilizwe kwa makini kuliko mengine. Simu ya intaneti isitegemewe peke yake kwa dharura. Moto unapoanza, stima mara nyingi ndiyo ya kwanza kupotea. Tena simu hii haijui iko wapi, kwa sababu nambari moja yaweza kuwa Umoja leo na Mombasa kesho. Kila duka, shule na zahanati iwe na simu moja ya kawaida ya mkononi, yenye chaji, mahali ambapo kila mfanyakazi anajua. Nambari 999 na 112 zibandikwe ukutani juu yake, na chini yake yaandikwe maelezo ya mahali: jina la mtaa, barabara, nambari ya nyumba na alama ya karibu. Mtu mwenye hofu husahau hata anwani ya kwao.

Wakazi wote wana sehemu yao. Anayechimba msingi, shimo la maji au mtaro aulize kwanza nini kimelala chini, na awe na kibali. Anayeona waya uliolala barabarani asiuguse, apige ripoti. Waya uliokatwa mbele ya ploti ya mtu mmoja unaweza kuwa ndio unaobeba simu ya zahanati ya mtaa wa tatu.

Jaribio

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa hauonekani mpaka mtu autazame. Kwa hiyo, mara moja kila mwezi, siku isiyo na wateja wengi, jaribio lifanyike kwa hatua nne.

Kwanza, izimwe stima ya ukutani. Je, simu bado inafanya kazi, na kwa muda gani?

Pili, ichomolewe faiba. Je, ruta imehamia modemu, na imechukua dakika ngapi?

Tatu, izimwe ruta yenyewe. Mtu apige nambari ya duka kwa simu ya jirani. Je, imeita kwenye simu ya mkononi iliyowekwa?

Nne, yaandikwe majibu kwenye daftari, pamoja na tarehe na jina la aliyejaribu.

Anayepata majibu mabaya asikate tamaa. Amegundua Jumanne asubuhi, chai ikiwa mkononi, kile ambacho angegundua usiku wa giza mteja akiwa kwenye laini.

Na kama pesa hazitoshi kwa yote, mpangilio uwe huu: kwanza kuelekeza nambari, ambako mara nyingi hugharimu dakika kumi tu, pili betri ya simu peke yake, tatu modemu ya kampuni nyingine, nne mkataba wenye vipimo. Haba na haba hujaza kibaba.

Jaribio la tatu linaweza kufanyika leo jioni kabla ya kufunga duka. Izimwe ruta, ipigwe nambari, na isikilizwe ni sauti gani inayojibu. Ikiwa ni ya yule dada wa "hapatikani kwa sasa", kazi ya kesho asubuhi imeshajulikana.